Sifa Bila Shamba

Katika vitu vyote ambavyo binadamu huweza kumpa mwenziwe, hapana kilicho rahisi kama sifa. Sifa haipimwi kwa pishi wala kwa mizani. Haipunguzi akiba ya ghala, na aliyeitoa hurudi kwake na mali yake kamili kama alivyoondoka nayo. Kwa sababu hii bahili huwa mkarimu sana wa sifa. Akidaiwa ujira hutoa wimbo; akidaiwa haki hutoa makofi; akidaiwa kiti hutoa kanga iliyopigwa chapa ya maneno matamu. Sisemi kuwa sifa ni kitu kibaya. Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Lakini tazama, msomaji, kuwa walitaja pete yenyewe. Hawakutaja hotuba juu ya pete.

Mkulima mwanamke amekuwa mpokeaji mkubwa wa hotuba hizi. Tangu mwaka 2008 ulimwengu umekuwa ukiiadhimisha tarehe 15 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Wanawake wa Vijijini. Kabla ya siku hiyo hupita tarehe 8 Machi, siku ya wanawake wote, na tarehe 8 Agosti, Nane Nane, sikukuu ya wakulima wa Tanzania. Kama kwamba siku hazikutosha, Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka mzima wa 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Ngoma hupigwa, mahindi mazuri hupangwa juu ya meza, na mama mmoja au wawili huitwa mbele wakapewa jembe au pampu ya kunyunyizia dawa. Jua likichwa kila mtu hurudi alikotoka, na mama hurudi katika shamba ambalo si lake.

Neno ninalotaka kulisema katika makala haya ni moja, nami nalisema bila ya kulimung'unya. Mkulima mwanamke hana upungufu wa sifa. Ana upungufu wa shamba lenye jina lake. Uongozi wa kilimo hukaa juu ya ardhi kama nyumba ikaavyo juu ya msingi. Na mtu atakaye mwanamke awe kiongozi wa kilimo, lakini hataki awe na ardhi, anataka paa lisimame hewani.

Nianze na sifa zenyewe, kwa maana baadhi yake si za kweli, na sifa ya uongo ni tusi lililovaa nguo za arusi. Husemwa mara kwa mara majukwaani kuwa wanawake huotesha sehemu 60 mpaka 80 katika kila sehemu 100 za chakula cha Afrika. Hesabu hii imezunguka dunia kwa miaka mingi, lakini wachunguzi walipoufuata mto huu mpaka kwenye chemchemi hawakukuta maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake kubwa ya mwaka 2011, lilikadiria kuwa katika nchi zinazoendelea wanawake ni watu 43 katika kila watu 100 wafanyao kazi ya kilimo. Uchunguzi mwingine wa nchi sita za Afrika, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kazi ya wanawake mashambani ni kama sehemu 40 katika kila 100 kwa wastani wa nchi hizo, na kwamba katika Tanzania, Uganda na Malawi inapita nusu kidogo. Je, nusu haitoshi? Mtu afanyaye nusu ya kazi ya shamba, kisha akateka maji, akatwanga, akapika, akalea na kuuguza, hahitaji kuongezewa mafungu ya uongo ili astahili haki. Anayemwongezea tarakimu anatia maji katika maziwa yaliyokuwa mazuri tangu mwanzo, na mnunuzi akigundua maji huyakataa na maziwa.

Wala ukweli huu haukufichika hata ukahitaji wageni waje kutufumbulia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, na likawakemea wanaume wa vijijini kwa kupumzika nusu ya umri wao. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, alikiri kuwa maisha ya jadi, pamoja na mema yake mengi, yalikuwa na kasoro ya kumweka mwanamke chini. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa hatujui. Tunajua. Ugonjwa wetu si kiza cha macho bali ni uzito wa mkono.

Sasa na tuulize: uongozi wa kilimo ni nini? Wengi hudhani kuwa ni kukaa nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa. Mimi nasema kuwa uongozi ni kuamua jambo na kulibeba mpaka mwisho wake. Kwa maana hii mwanamke amekuwa kiongozi wa kilimo tangu kale. Nani huchagua hindi la mbegu? Katika nyumba nyingi za wakulima ni yeye. Hulitazama jinsi lilivyojaa punje, hulifunga kwa maganda yake lenyewe, hulitundika juu ya meko ili moshi ulilinde na fukusi, na hulitunza mpaka mvua za mwaka ujao. Hakwenda katika chuo cha utafiti, lakini alifanyalo ni utafiti: kuchagua, kulinganisha na kukumbuka. Nani hujua muhogo upi ni mtamu wa kutafunwa na upi ni mchungu wa kulowekwa? Nani huamua, mwaka wa njaa, kuwa kibaba hiki kiliwe na kibaba kile kisiguswe hata mtoto akilia, kwa kuwa ni mbegu? Sijui waziri wa kilimo aliyepata kutoa amri nzito kuliko hiyo.

Lakini uongozi huu una mpaka, na mpaka wake ni pale fedha inapoanzia. Chukua mfano wa Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa wa huko waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichokuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya namna hiyo vya Waafrika katika nchi hizi. Ni jambo la fahari, nami silipunguzii heshima yake. Walakini kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, na mibuni ilikuwa ya mwenye kihamba. Mgomba, maharagwe na majani ya ng'ombe vilikuwa mikononi mwa mke. Kahawa aliipalilia, akaichuma, akaimenya, akaianika. Ilipofika kwenye mizani ya chama ikawa ya bwana. Aliyeandikwa kitabuni ndiye aliyelipwa. Aliyelipwa ndiye aliyeitwa mkutanoni. Aliyeitwa mkutanoni ndiye aliyepiga kura. Na katika waliopiga kura ndimo walimochaguliwa viongozi. Hii ndiyo ngazi ya uongozi wa kilimo, na kipago chake cha kwanza ni ardhi. Mtu aliyekatiwa kipago cha kwanza asiulizwe kwa nini hakufika darini.

Hapa mtu wa lugha ana neno la kusema. Sarufi ya Kiswahili haikutenda dhambi hii. Neno mkulima halivai kanzu wala kanga, na neno yeye haliulizi kama mtajwa ni mume au mke. Ziko lugha kubwa za dunia ambazo haziwezi kumtaja mtu bila ya kumgawa kwanza. Yetu humtaja kwa utu wake. Lakini sisi wenye lugha tumeitia ubaguzi ambao haikuzaliwa nao. Ofisa wa kilimo tulimwita bwana shamba, na kwa miaka mingi bwana shamba alikwenda nyumba hata nyumba akimtafuta bwana mwenziwe. Mwenye jembe mkononi alisimama mbele yake, naye akamwuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akiambiwa kuwa mwenyewe amesafiri, aliacha salamu na kuondoka na elimu yake.

Katika fasihi hali si tofauti. Shaaban Robert, ambaye sote tu wanafunzi wake, alipotaka kutufundisha heshima ya jembe alituachia Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968. Utubora ni mtu mwema, nami nampenda. Nauliza tu: waandishi waliofuata wametuletea wangapi wa upande wa pili, wanawake wanaoonyeshwa wakiyaamua mambo ya shamba? Mwanamke wa riwaya zetu hutongozwa, hudanganywa, huachwa na hufa. Ni mara chache sana tumwonapo akipima mbolea.

Kutoka katika lugha twende katika sheria, maana huko ndiko sifa huweza kugeuzwa ikawa kitu. Tanzania si nchi isiyo na sheria njema. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kuwa kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa; na ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, mlango alioubisha ulifunguka kwa waliokuja nyuma yake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilisikiliza shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Alipozeeka aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na jamaa yake akamshitaki kwa hoja kuwa mila humruhusu mwanamke kula matunda ya ardhi ya ukoo, lakini haimruhusu kuiuza. Jaji Mwalusanya alikata kuwa haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 haziiachi mila ya namna hiyo isimame.

Kisha zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999. Zilitamka kuwa haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na haki ya mwanamume. Mila imnyimayo mwanamke ardhi ilitangazwa kuwa batili. Baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liliamriwa kuwa na wanawake wasiopungua watatu. Na liko jambo lililo zuri zaidi: mwenzi wa ndoa aliyeitunza na kuiendeleza ardhi kwa kazi yake, hata ikiwa imeandikwa kwa jina la mwenziwe peke yake, huhesabiwa kuwa amepata fungu katika ardhi hiyo. Jasho limekubaliwa kuwa hati.

Lakini mkono mmoja wa sheria ulipotoa, mwingine ulikuwa umefumba. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoziandika mila za urithi za watu wafuatao ukoo wa baba, liliwaweka mabinti katika daraja la tatu, nyuma ya kaka zao wote. Mjane halikumpa daraja lolote maadamu marehemu ana jamaa wa ukoo wake; lilisema kuwa fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili waliotolewa katika nyumba walizoishi na waume zao waliyapeleka masharti hayo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa yanabagua, kisha ikakataa kuyafuta kwa hofu ya kufungua mlango ambao haungefungika tena. Mwaka 2010 rufani yao ilitupwa kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ndiyo iliyosema kuwa haki za wajane hao zilivunjwa. Pima mwenyewe, msomaji. Mke hupata fungu kwa jasho lake maadamu mume yu hai. Mume akifa, jasho hilo hilo hukauka na fungu likapeperuka. Sheria imemjali mke na kumsahau mjane, kana kwamba ni watu wawili mbalimbali.

Najua majibu nitakayopewa, na ni haki kuyajibu moja moja.

Jibu la kwanza ni kuwa binti huolewa akaenda kwa watu, na kumpa shamba ni kuligawia ukoo wa pili. Wenye hoja hii humwita mpita njia nyumbani kwa baba yake, na kwa mumewe wakamwita mtu wa kuja. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanamke amepewa jembe siku ya tatu, amelima kwa miaka arobaini, amezaa na kuzika katika nyumba ile ile, na bado ni mgeni. Mgeni gani huyu ambaye jembe limemwisha mkononi na ugeni haumwishi? Na ikiwa ukoo huogopa kupotewa na ardhi, kwa nini haumwogopi mwana wa kiume aiuzaye kwa ajili ya pombe na anasa?

Jibu la pili ni kuwa hivyo ndivyo ilivyo mila yetu. Mila ya nani? Katika Uluguru ukoo hufuata mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo, ingawa mjomba hushika usimamizi. Waluguru si wageni katika nchi hii. Katika pwani, sheria ya Kiislamu humpa binti nusu ya fungu la kaka yake, na mjane thumuni akiwapo mtoto, robo asipokuwapo. Unaweza kujadili wingi na uchache wa mafungu hayo, lakini huwezi kusema kuwa hayapo. Walakini hata huko dada wengi huombwa wamwachie kaka fungu lao kwa ajili ya undugu, na huwa nadra kaka kuombwa amwachie dada. Basi neno mila linapotajwa, tuulize kwanza ni mila ipi, na nani aliyechaguliwa kuikumbuka.

Jibu la tatu ni kuwa majina mawili katika hati moja yatavunja nyumba. Nyumba ambayo mmoja hulala salama kwa sababu tu mwenziwe hajafa, imekwisha pasuka ukuta. Hati itauonyesha ufa huo, haitauleta. Sijapata kusikia kuwa majina mawili yaligombana juu ya karatasi. Wagombanao ni watu, na hugombana zaidi pale ambapo hapana kilichoandikwa.

Jibu la nne, lililo baya kuliko yote, ni kuwa wanawake wenyewe hawawezi uongozi. Mambo yaliyokwisha kutendeka yanalikanusha. Katika Kenya, mwaka 1948, Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba makinga maji katika vilima, na wengi waliofanyishwa kazi hiyo ya bure walikuwa wanawake. Wanawake hao waliigoma, wakaandamana, wakakamatwa, na wenzao wakajitokeza kuendelea na mgomo. Hawakuwa wakichukia udongo. Walichukia kuamriwa juu ya udongo na watu wasioupalilia. Miaka 29 baadaye, katika nchi hiyo hiyo, Wangari Maathai alianzisha harakati za Ukanda wa Kijani. Wataalamu wa misitu hawakuamini kuwa wanawake wa kijijini wasio na shahada wangeweza kuotesha miche. Wakaotesha kwa akili ya shambani, wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, na kufika mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Ushahidi wa karibu zaidi na hoja yangu uko Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya kisiwa hicho mnamo mwaka 1989. Baadhi ya wanaume waliokianza walikiacha kwa udogo wa bei, na wanawake wakakishika. Sasa iangalie ardhi ya kilimo hiki ni ardhi gani. Ni pwani ya maji kupwa, ambayo haina kihamba wala kibanja, wala haikurithiwa na ukoo wowote. Mwanamke alikwenda na vigingi vyake na kamba zake, akaweka mpaka, na shamba likawa lake. Matokeo yake yakawa nini? Wanawake ndio wengi wa wakulima wa mwani, nao ndio waliojifunza majira ya bamvua na maji mafu kwa ajili ya zao hilo. Ndio waliotengeneza sabuni kwa mwani, na maji yalipozidi joto na aina moja ya mwani ikaanza kufa, ndio walioshirikiana na watafiti kama Dakta Flower Msuya kujaribu ukulima wa maji ya kina kirefu. Sisemi kuwa wametajirika. Bei bado huamuliwa na wanunuzi, nayo ni ndogo. Nasema kuwa mahali pa kwanza ambapo hapakuwa na mrithi wa kiume wa kuwazuia, uongozi wao ulionekana bila ya semina. Ikiwa mwanamke huongoza juu ya mchanga wa bahari, ni kitu gani kinachomzuia kuongoza juu ya udongo wa nchi kavu isipokuwa hati?

Jibu la tano ni la siku hizi: nchi imeongozwa na Rais mwanamke tangu mwaka 2021, basi mnataka nini zaidi? Mti hautazamwi kileleni peke yake. Mjane wa kijijini hafukuzwi shambani na Ikulu. Hufukuzwa na shemeji. Kiti cha juu hakiwezi kumkinga kama kile cha chini, cha baraza la ardhi la kijiji, kimekaliwa na mtu aliyewekwa ili kutimiza hesabu ya watatu na akaambiwa asiseme.

Yako pia mambo ya tumbo, ambayo humgusa hata mtu asiyejali haki. Taarifa ile ya mwaka 2011 niliyoitaja ilikadiria kuwa wanawake wakipata pembejeo na nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa sehemu 20 mpaka 30 katika kila 100, na idadi ya wenye njaa duniani ingepungua kwa watu milioni 100 mpaka 150. Si kwa kuwa mwanamke ni bora kuliko mwanamume, bali kwa kuwa mtu hupalilia chake kwa moyo mwingine. Nani atapanda mwembe katika shamba ambalo huenda asiwemo mwaka ujao? Atapanda mchicha. Nani atachimba makinga maji ya miaka ishirini katika ardhi ya shemeji? Na mkopeshaji gani atamwamini kwa mbolea mtu asiye na kitu cha kuandikisha? Tunamnyima mkulima umri wa shamba, kisha tunamlaumu kuwa hana fikira za mbali.

Basi tumsifu vipi? Tumsifu kwa kalamu ya karani. Kila hati ya hakimiliki ya kimila itolewayo kijijini kwa shamba la watu wa ndoa iandikwe majina yao wote, si kwa ombi bali kwa kawaida, na atakaye liwe moja ndiye aje aeleze. Masharti ya urithi ya mwaka 1963 yafutwe yote, ili mke asipoteze kwa msiba alichokipata kwa kazi. Vyama vya ushirika vimwandikishe alimaye, sio tu mwenye jina la shamba, na malipo ya mazao yafike mikononi mwa waliovuna. Wanawake watatu wa baraza la ardhi wafundishwe sheria wanayoisimamia, na mikutano iitishwe saa ambazo mtu mwenye chungu mekoni anaweza kuhudhuria. Hapana hata moja katika mambo haya linalohitaji kwaya.

Nasi wa vyuo na kalamu tuna deni letu. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya taswira ya mwanamke katika utenzi na riwaya, na ni kazi njema. Sasa tuziandike sheria hizi kwa Kiswahili ambacho mjane anaweza kukisoma mwenyewe kabla ya shemeji hajamsomea kwa faida yake. Tukusanye maarifa ya mbegu na udongo yaliyomo vinywani mwa bibi zetu, pamoja na majina yake, kabla hayajazikwa. Na mwandishi wa riwaya akimleta mwanamke shambani, amwache walau mara moja aamue jambo na jambo hilo lifanikiwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumewafundisha wafanyabiashara, wakaifuata na wakafaidika. Ni zamu ya kuifuata kwa ajili ya mtu ambaye mali yake imepotea bila habari tangu daftari la kwanza lilipofunguliwa katika nchi hizi. Sherehe zitakuja tena mwakani, na ngoma haitakosa mpigaji. Kabla hatujamwita mama jukwaani kupokea jembe jingine, tumwulize swali moja mbele ya watu wote: hili ulilo nalo, unalilimia shamba la nani?